Mchanga wa Kupandia Saranda

Singida mjini, Jumapili alasiri

Mwanangu Anastazia,

Umekwenda Mtinko na baba yako kumuaga bibi, na ninavyomjua mama yangu, hatawaruhusu mrudi kabla kuku hajaiva na kabla hajakuuliza mara ya tano kama huko Tabora kuna kanisa. Nimebaki na begi lako hapa sebuleni. Nimelizunguka nikitafuta cha kukosoa, sikukiona. Umelifunga vizuri kuliko nilivyowahi kufunga hoja. Basi nimekaa kuandika. Nikisubiri urudi nikuambie kwa mdomo, nitaanza kwa upole na nitamaliza kwa kubishana, na ninachotaka kukuambia safari hii hakina pande mbili. Nilikosa. Unajua neno hilo lilivyo adimu humu ndani, ni kama mvua ya mwezi wa nane.

Mambo ya kula, kulala na kuchagua marafiki sitayagusa. Una miaka ishirini na miwili na yote umeishi nami. Kama kelele zangu hazikukufundisha, karatasi haitaweza.

Nianzie siku ile ulipoleta barua ya kukubaliwa kwenda kusomea vichwa vipya vya treni. Wageni walikuwepo, nami nikiwa na wageni huwa nahutubia. Nikakuuliza mbele yao: "Yaani nimekusomesha fizikia miaka yote hiyo ukabonyeze vitufe?" Ukakusanya vikombe. Wageni walipoondoka, ukawa unaosha vyombo, ukasema bila kugeuka: "Mama, wewe unajua kubishana na watu. Injini haibishani. Unaisikiliza, au inazima." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilitamani sentensi ile ningeiandika mimi.

Lakini hilo si kosa ninalolisema. Kosa lilianza kunitafuna wiki mbili zilizopita, ulipoweka mezani orodha ya walimu wenu na kidole chako kikasimama kwenye jina moja. "Mama, huyu Seif Ntandu atakayetufundisha vichwa vya dizeli na umeme ni mtu wa Manyoni. Huenda unamjua." Nami, mwanamke niliyewaita watu wazima waongo kwa majina yao gazetini, nikakujibu: "Manyoni ni kubwa, mwanangu."

Manyoni si kubwa hivyo. Seif Ntandu namjua. Amekula kwa mama yangu sahani nyingi kuliko wewe.

Hukumkuta babu yako, Mzee Hango. Ukiulizwa alifanya kazi gani, unajibu "alikuwa reli", kama mimi ninavyojibu, kwa sababu kazi yenyewe ukiitaja watu wanacheka. Babu yako alikuwa mkausha mchanga. Miaka yote ile pale stesheni ya Manyoni, hakuendesha kichwa hata kimoja wala hakupeperusha bendera. Alikausha mchanga.

Utafundishwa habari hiyo kwa michoro, lakini uipate kwanza kwangu. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma. Kikidondoka kimanyunyu tu, chuma na chuma havishikani. Kichwa kikivuta mzigo mzito mlimani, magurudumu yanazunguka papo hapo na treni haisogei. Ndiyo maana kila kichwa kinabeba visanduku vya mchanga. Dereva akiona kinateleza, mchanga unapulizwa kwa bomba mbele ya gurudumu, gurudumu linauma reli, treni inapanda. Na kutoka Saranda kuja Manyoni ni kupanda kweli, unatoka chini kabisa ya Bonde la Ufa. Vichwa vilijaza mchanga Manyoni kabla ya kushuka, maana kilichoshuka lazima kirudi.

Mchanga huo ukiwa na unyevu ni afadhali usiwepo kabisa. Unaganda ndani ya bomba kama uji uliolala. Kwa hiyo babu yako alikuwa na tanuri lake la matofali nyuma ya stesheni, na juu yake bati kubwa jeusi, na koleo alilougeuzia mchanga polepole kutwa nzima. Tuliishi kwenye kota za reli, nyumba ya tatu. Mpaka leo nikipita mahali wanapokaanga karanga kwa mchanga wa moto nasimama. Mchanga unaokauka una harufu ya mvua inayoondoka. Ile ya mvua inayokuja kila mtu anaijua. Ya inayoondoka tunaijua sisi wa nyumba ya tatu.

Ulipokuwa na miaka sita nilikupeleka Manyoni kuona treni. Ukakishika kidole changu, ukakitazama kichwa kimesimama kinatetemeka, ukauliza: "Mama, mbona inahema?" Nilicheka, nikakueleza habari za injini. Leo naona wewe ndiye uliyekuwa ukieleza.

Mama yangu, huyo huyo anayekuchelewesha Mtinko sasa hivi, ndiye aliyeuchekecha mchanga wa babu yako. Alikuwa na nyungo mbili, mmoja wa uwele na mmoja wa mchanga, na ole wako uzichanganye. Siku moja babu yako alizichanganya. Treni ya mizigo ilikuwa inasubiri, akachukua ungo uliokuwa karibu. Jioni tukala ugali wa uwele unaolia menoni. Tulitafuna kimya, tukiogopa kutazamana, mpaka mama akaweka tonge chini na kumuuliza: "Mume wangu, na ugali huu leo tunapanda mlima gani?"

Seif alikuwepo mkekani. Alikuwa ameajiriwa mwaka ule, ana miaka kumi na minane, mrefu, suruali haimfikii viatu, na babu yako ndiye aliyempokea kazini. Alicheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kwenye mkeka wetu bila kunusa sufuria na kuuliza: "Mama, leo tunapanda mlima gani?" Na mama hakuwahi kuacha kumjibu: "Kaa ule, wewe, mlima wako ni sahani."

Babu yako alimfundisha vipimo viwili, nami nikavishika kwa kuwa karibu. Cha kwanza, uchote mchanga kiganjani kisha uachie vidole. Ukitiririka kama uwele, umekauka. Ukibaki umekumbatiana, urudishe motoni. Cha pili, uweke gunia kwenye saruji, ukanywe chai. Ukirudi ukakuta alama nyeusi chini yake, gunia limebeba maji, hata kama juu panang'aa kama sukari. "Macho yanaona juu," alikuwa akisema. "Shika."

Nami je? Mimi nilikuwa darasa la nne na sikuwa na kitu cha kusoma. Shule ilikuwa na vitabu vya kugawana watu watano. Seif alipogundua hilo, akaanza kupita kwenye mabehewa ya abiria kila yaliposimama, akiokota magazeti na vitabu vilivyoachwa vitini. Ananiletea amevikunja chini ya kwapa. "Soma, mdogo wangu. Ukimaliza unisimulie, mimi macho yangu ni ya kusoma chuma tu." Nilisoma magazeti ya mwezi uliopita kama ya kesho. Nilisoma riwaya zilizokosa kurasa za mwisho, nikamtungia mwisho, naye akawa anabisha: "Hapana, huyo mwanamke hawezi kurudi kwake. Tunga mwingine." Pale kwenye tanuri la mchanga ndipo nilipojifunza kubishana. Watu wananiuliza nilisomea wapi kalamu. Nataja chuo. Nilisomea nyuma ya stesheni.

Enzi hizo vichwa vya moshi vilikuwa vinaondoka na vya dizeli vinaingia. Wazee waliozoea makaa na kuni walinuna. Mmoja alikataa kupanda kichwa cha dizeli mwezi mzima. Alisema hakina roho, kinanguruma tu kama mashine ya kusaga. Babu yako aliwasikiliza wote huku anageuza koleo. Kisha akasema: "Moshi umekwenda, mchanga umebaki," akaendelea na kazi. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni maneno ya mtu asiyejua mambo makubwa.

Nikakua, nikawa mwalimu, kisha nikawa huyu unayemjua. Nimepigana na wanunuzi wa alizeti wanaochezea mizani, na wenye mamlaka waliotaka kuwahamisha wauza vitunguu kwa kuwa mgeni mkubwa anapita, na wasomi wanaoandika habari za Singida bila kuwahi kupigwa na upepo wake. Vita vingi kati ya hivyo nilipaswa kuvipigana, na sitaviombea radhi. Lakini kuna jambo hutokea mtu akishajulikana kwa moto: watu wanamletea kuni. Kila asubuhi kuna mtu mlangoni na kisa chake, na wewe unaanza kuona aibu siku ukikosa cha kuchoma.

Habari zilipofika kwamba vichwa vipya vimenunuliwa kwa ajili ya reli yetu ya zamani, na kwamba mchanga wake utaletwa kutoka mbali umekaushwa kiwandani, niliwaka. Niliandika: reli inapita kwetu, mlima ni wetu, mchanga umejaa kwenye korongo zetu, baba zetu waliukausha na treni zikapanda, kwa nini leo mchanga nao uagizwe kama tende? Hoja ilikuwa nzuri. Mpaka leo ni nzuri. Ndilo linaloniuma. Sikupotea kwa sababu nilikuwa upande mbaya. Nilipotea nikiwa na hoja nzuri mkononi.

Tukashinda. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimoja karibu na Manyoni, mwenyekiti wao Bi. Paskalina, wakapewa kazi ya kukausha mchanga. Seif ndiye aliyekuwa msimamizi wa kuvipokea vichwa vipya. Alinikaribisha karakana, akanionyesha kimoja, akakipapasa ubavuni kama ng'ombe aliyempokea kwa mahari. Akanieleza kwa subira: injini ya dizeli humo ndani haizungushi gurudumu, inafua umeme, na umeme ndio unaozungusha mota zilizokaa chini kwenye ekseli. Kuna kompyuta inayosikia gurudumu likianza kuteleza kabla dereva hajajua, na inamwaga mchanga yenyewe.

"Kwa hiyo dereva kazi yake ni kubonyeza," nikamwambia.

"Dereva kazi yake ni kujua kompyuta ikikosea, mdogo wangu. Ni kazi ngumu zaidi." Kisha akaniambia jambo ambalo nilipaswa kulishika: "Mabomba ya hivi ni membamba kuliko ya vile vya kwetu vya zamani. Vinataka mchanga wa Mzee Hango hasa. Ukiniambia umekauka, mimi nasaini. Mtoto wa Mzee Hango hawezi kunidanganya mchanga."

Siku ya kupakia ilikuwa ya sherehe. Kichwa kipya kimesimama kimeoshwa, rangi yake inakuumiza macho. Akina mama wamevaa kitenge cha sare. Wageni wapo, wapiga picha wapo, ngoma ipo. Nami nipo mbele, na hotuba mfukoni.

Juma lile mvua ilinyesha mfululizo. Kuni za tanuri zililowa, kwa hiyo akina mama waliuanika mchanga juani kwenye maturubai, jua likitoka, na kuukunjia ndani likiingia. Walifanya walivyoweza. Magunia yalikuwa yamepangwa kwenye saruji ya jukwaa la stesheni tangu asubuhi. Walipolinyanyua la kwanza nikaona. Chini yake palikuwa na alama nyeusi, ya duara, kama chungu kilichovuja.

Bi. Paskalina aliiona pia. Akanisogelea, sauti chini: "Mwalimu, huu umekauka kweli? Wewe ndiwe mtoto wa mchanga. Tukirudisha leo tukauwashie moto, kuna ubaya?"

Anastazia, nimeishi na swali hilo. Hakukuwa na ubaya. Wageni wangenung'unika, ngoma ingenyamaza, wale waliosema wanawake wa kijijini hawawezi wangecheka mchana mmoja. Basi. Lakini nilikuwa nimeshinda, mwanangu, na mshindi hapendi kuinama aguse chini. Nikamwambia: "Umekauka. Pakieni."

Seif alikuja na karatasi yake. Aliniuliza neno moja tu: "Umeushika?"

"Nimeushika."

Akasaini.

Kichwa kilishuka salama hadi Dodoma. Kilirudi kinavuta mabehewa ya mizigo, na juu kidogo ya Saranda manyunyu yakaanza. Kompyuta ilifanya kazi yake yote. Iliona gurudumu linateleza, ikafungua mchanga, mchanga haukutoka. Yaliyobaki ni chuma juu ya chuma. Magurudumu yalizunguka papo hapo mpaka reli ikachimbika, dereva akafunga breki, treni ikalala mlimani hadi kesho yake, kilipoletwa kichwa cha zamani kuisukuma kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Nimejificha nyuma ya maneno hayo, "hakuna aliyeumia", muda mrefu sana.

Seif akanipigia simu niende karakana. Nilikwenda nimeshajipanga kwa vita. Juu ya meza yake kulikuwa na gazeti limekunjuliwa, na juu ya gazeti kipande cha mchanga kilichotolewa ndani ya bomba. Kilikuwa kimeganda kwa umbo la bomba lenyewe, kirefu, kama muhogo uliomenywa.

"Shika, mdogo wangu," akasema.

"Sina haja."

"Shika tu. Halafu kaandike unachotaka."

"Unataka kuwatwika akina mama mzigo wa mashine zenu mbovu, bwana fundi?"

Alinitazama. Nilikuwa nikimwamkia mtu huyu shikamoo tangu nina miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kumwita bwana fundi. "Sijawataja akina mama," akasema polepole. "Wala sijakutaja wewe. Nimesema shika."

Nikaweka mikono nyuma. Hivi hivi, kama mtoto aliyeiba sukari. Nilijua nikiugusa, makala niliyokwisha kuyaandika kichwani yangekufa. Nikageuka nikaondoka.

Makala yale unayajua. Yalisomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Watu waliyasoma kwa sauti kwenye vibanda vya chai, na wewe mwenyewe uliniletea gazeti ukasema, "Mama, umewachana." Niliandika kwamba vimenunuliwa vichwa visivyojua milima yetu, vikakabidhiwa kwa "mafundi wa vitufe" wanaoogopa kuchafua mikono. Mikono! Niliyaandika hayo mimi niliyekuwa nimeificha yangu mgongoni, nikimwandika mtu aliyetoa mchanga ule bombani kwa vidole. Na kusoma nilifundishwa na magazeti aliyoniokotea yeye.

Wakubwa walimwita Seif kujieleza. Nilingoja anitaje, nilikuwa na majibu tayari, makali, ya kurasa mbili. Hakunitaja. Alisema aliusaini mchanga bila kuushika mwenyewe, na kosa ni la aliyesaini. Wakamtoa kwenye vichwa vipya, kazi aliyoingoja maisha yake yote, wakampeleka Tabora kufundisha.

Haya niliyapata kwa Bi. Paskalina, miezi baadaye, sokoni, akiwa anachagua vitunguu wala hanitazami. Akaniambia: "Mwalimu, yule fundi uliyemchana gazetini, kabla hajahama alikuja kijijini siku tatu. Ametujengea tanuri, la matofali, na bati juu. Ametufundisha kushika. Akasema ni vipimo vya mzee mmoja wa zamani, hodari sana." Kisha akasema: "Hakukusema vibaya. Tulimngoja akuseme, hakukusema."

Kazi ile wanayo mpaka leo. Vichwa vipya vinapanda Saranda kwa mchanga wao. Nilichokipigania kipo, mwanangu, na aliyekinusuru ni mtu niliyemwangusha.

Nikaandika masahihisho. Nilieleza kila kitu, gunia, alama nyeusi, mikono nyuma. Mhariri akanipigia simu akicheka. "Mwalimu, nani atasoma habari za mchanga wa zamani? Tupe kitu chenye moto." Nami, badala ya kumng'ang'ania kama ninavyowang'ang'ania wengine wote, nikaona nimefanya yangu. Nikanyamaza. Mimi! Kumbe hata kunyamaza ninaweza, pakiwa na faida kwangu.

Kesho utapanda basi hadi Manyoni, na mchana utaingia treni ya Tabora. Itavutwa na kimoja cha vile vipya. Nimekwenda kuvisikiliza, sikukuambia. Niliketi stesheni Jumamosi iliyopita kama abiria asiye na safari. Kota yetu imebomolewa. Pale penye tanuri la babu yako pameota alizeti ya mtu. Wauza asali wa Itigi bado wapo, na kuku bado wanafungwa miguu. Kikaja kichwa. Nilitaka kukichukia. Hakihemi kama vile vya kwetu. Kinanguruma chini chini, kama mtu anayewaza jambo na hataki kusumbuliwa. Nilikuwa kama yule mzee aliyesusa dizeli mwezi mzima, na nilikuwa nimesusa kwa mwaka na zaidi. Kisha kikaondoka, na mahali kiliposimama, kando ya reli, nikaona mchanga kidogo umemwagika. Mweupe. Mkavu. Niliinama, lakini kulikuwa na watu, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Sina busara ya kukufungia begini. Nina hili tu, na nimelilipia: siku utakapokuwa na haki kuliko wote chumbani, ndiyo siku ya kuinama ukashika. Ukikosea, utakuwa na watu wengi wa kukusahihisha. Ukiwa na haki, hakuna atakayethubutu. Na ukiulizwa "Umeushika?" na hujaushika, sema hujaushika, hata kama ngoma inapigwa. Wewe una kipaji cha kunyamaza na kusikiliza. Nilidhani ni udhaifu, nikajaribu kukutibu kwa midahalo. Namshukuru Mungu hukupona.

Sikuandika ili Seif akuhurumie. Akiliona jina langu la Hango kwenye fomu yako, penye jina la mama, atajua wewe ni nani kabla hujakaa, na namjua, atakufundisha kama asivyofundisha mwingine. Hapo ndipo ninapoogopa. Sitaki ukae mbele ya wema wake mwaka mzima bila kujua bei yake, kisha siku moja mtu mwingine akakusimulia. Ungerudi nyumbani ukanitazama kama Bi. Paskalina alivyovitazama vile vitunguu.

Leo mchana, mlipoondoka tu, niliwasha jiko la mkaa uani. Nimechota mchanga korongoni, nimeuchekecha kwa ungo wa bibi yako, ule wa mchanga, ulikuwa umetundikwa stoo miaka yote hii na kamba zake bado ngumu. Nimeugeuza kwenye bati mpaka mkono ukaniuma. Jirani kachungulia akaniuliza, "Mwalimu, leo unakaanga karanga?" Nikamwambia, "Leo nakaanga maneno yangu." Nimeuchota kiganjani, nikaachia vidole. Mara ya kwanza ulikumbatiana. Nikaurudisha. Mara ya tatu ukatiririka kama uwele, na nikamsikia babu yako, na nikalia kidogo. Wewe sema ni moshi.

Mchanga huo umo kwenye lile kopo la maziwa mezani, pembeni ya barua hii. Si zawadi yako wala si barua ya kupeleka. Radhi haitumwi kwa mkono wa mtoto. Ni wa kumwonyesha Kaka Seif. Nitamwamkia, nitamwomba ashike, nitamwambia safari hii nimeushika. Atakalosema baada ya hapo ni lake.

Nimekata tiketi ya pili ya treni, ya kwenda Tabora, na ya kurudi siku inayofuata. Lakini safari hii ni yako, na hakuna anayependa kuingia chuoni na mama mkorofi mgongoni. Kwa hiyo amua wewe, na usinieleze sababu, maana ukinieleza nitajibu. Ukitaka uende peke yako, liache kopo mezani. Nitakusindikiza hadi kituo cha basi, na Tabora nitakwenda wiki ijayo mwenyewe, kwenda nitakwenda.

Ukilibeba, utanikuta mlangoni. Viatu mguuni, mdomo umefungwa.

Mama yako